Bomu Lililomrudisha Kiema Nyumbani

Kalondu wa Kiema alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Kilungu na mwenyekiti wa kina mama wa kanisa lao la mlimani. Mwaka wa 1985, wanawake wa dunia walipokutana Nairobi, kanisa lilimtuma akasikilize, kwa kuwa Kiingereza kilimtoka bila kukwama na kwa kuwa hakuwa mtu wa kuogopa watu.

Alikwenda akidhani atarudi na habari za maji na mbegu. Ukambani ndiyo kwanza ilikuwa inatoka kwenye njaa ile iliyoitwa Nikw'a Ngwete, yaani ninakufa nimeshika, maana mtu alikuwa na hela mkononi na unga haupo dukani. Lakini siku ya pili alipita karibu na hema kubwa akasikia kelele, akaingia. Wanawake wa Kimarekani na wa Kirusi walikuwa wanarushiana maneno juu ya mabomu ya nyuklia: nani aanze kuyaweka chini, nani alimdanganya mwenzake kwanza. Kalondu alisimama kando akawaona kama wake wenza wanaogombania jungu. Alikuwa ameshageuka kutoka, mama mmoja mfupi wa Kijapani alipopanda jukwaani na hema lote likanyamaza.

Jina lake lilikuwa Fumie. Alitoka Nagasaki, na bomu lilipoanguka alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja. Alizungumza Kiingereza cha polepole, neno baada ya neno, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Hakumlaumu mtu. Alieleza tu alichokiona akienda nyumbani asubuhi ile, na jinsi alivyofika mahali pa nyumbani asipajue. Kalondu hakuondoka tena.

Alipomaliza, Kalondu alimfuata. "Mama, kwetu ni mlimani, si mbali sana na barabara ya Mombasa. Jumapili ungekuja kutuambia haya?"

Fumie aliinama kidogo. "Nitakuja."

Margit, Mholanzi aliyekuwa msimamizi wa hema, alifurahi mno. Alikuwa anakusanya sahihi za watu wa kila nchi chini ya tamko moja litakalopelekwa Umoja wa Mataifa. Akampa Kalondu nakala ili waumini wa Kilungu watie sahihi. Sentensi ya kwanza ilisema: *Tunalaani bomu lililoangushwa Japani kuwa dhambi isiyo na sababu.*

Kalondu aliisoma akiwa kwenye gari la kurudi nyumbani, na hapo ndipo alipomkumbuka baba yake.

Mzee Kiema alikuwa amepigana Burma katika jeshi la Mwingereza. Aliugua malaria na kuhara damu kwenye matope ya huko, akazika wenzake, kisha yeye na waliobaki wakarudishwa India kupumzika wakingoja kupelekwa tena vitani. Walijua kwamba safari hiyo wengi wao hawatarudi. Ndipo habari ikaja kambini kwamba Japani imepigwa kwa bomu lisilo na mfano, na vita vimekwisha. Mwaka uliofuata akashuka kwenye treni pale Sultan Hamud, akapanda mlima kwa miguu, akampata mama yake hai. Akaoa, akamzaa Kalondu. Kila mwaka, mwezi wa Agosti, alisimama kanisani kutoa ushuhuda: Mungu alishusha moto kama wa Sodoma, na mimi Kiema nikarudi kwetu. Kalondu alikuwa amelelewa na ushuhuda huo. Kwa hesabu ya baba yake, bila bomu lile yeye mwenyewe asingekuwepo.

Jumamosi alimkuta baba yake akichambua machungwa uani, mazuri upande huu, yaliyodonolewa na ndege upande ule.

"Tata, kesho tuna mgeni kanisani. Ni mama kutoka Japani. Alinusurika bomu."

Mikono ya mzee ilisimama. "Lile bomu?"

"Lile."

"Na anakuja kusema nini?"

"Kwamba lisirudiwe tena popote."

Kiema aliligeuza chungwa, akalitia kwenye fungu la mazuri, kisha akalitoa akalitia kwenye lile lingine. "Haya. Aje. Lakini mjue kuna shahidi wa upande wa pili."

Jumapili kanisa lilijaa hadi watu wakasimama madirishani. Naibu wa chifu naye alikuja, akamvuta kando Pasta Muthama. "Hii si siasa?"

"Ni maombi," pasta akamjibu. "Keti, utuombee na wewe."

Fumie alisimama mbele, na Kalondu akatafsiri kwa Kikamba. Kina mama waliguna taratibu kila alipovuta pumzi. Aliposema dada yake mdogo aliomba maji, na kwamba alimpa, na kwamba hakunywa, mama mmoja wa mbele alijifunika uso kwa leso.

Kisha Mzee Kiema akainuka kutoka kwenye benchi la wazee.

"Mama," akasema, "pole. Pole sana. Lakini mimi siwezi kukaa hapa kimya kama mwizi. Bomu lile ndilo lililonirudisha nyumbani. Nilipopata habari zake, nilicheza ngoma kambini mpaka viatu vikakatika. Bila lile, mifupa yangu ingekuwa huko kwenu. Na huyu binti anayekutafsiria asingezaliwa. Nimemshukuru Mungu kwa moto ule miaka arobaini."

Fumie alimgeukia Kalondu, akingoja.

Kalondu angeweza kusema kwa Kiingereza kwamba mzee anampa pole na kwamba vita ni vibaya, na Jumapili ingeishia kwa chai. Akafungua kinywa.

"Kalondu," baba yake akamwita. "Sema kama nilivyosema. Usinipake asali. Kiingereza cha jeshi bado nakisikia."

Basi akasema yote, ngoma na viatu na shukrani. Hakuthubutu kumwangalia mgeni usoni.

Fumie alipoanza kusema, hakusema na kanisa. Alisema na Kiema.

"Kaka yangu alikuwa askari pia. Yeye na wenzake walikuwa kisiwani, wanangoja kufa, kama nyinyi. Asubuhi ile mama yetu alikwenda kanisani. Sisi ni Wakristo. Alikuwa kwenye foleni ya kuungama, na alikwenda kumwombea kaka arudi. Kanisa lilimwangukia. Haikupita wiki, vita vikaisha, na kaka akarudi. Kwa hiyo yeye naye alirudishwa nyumbani na bomu lile. Alishuka kwenye treni, akauliza watu nyumba yetu iko wapi, na hakuna aliyeweza kumwonyesha hata mtaa."

Kalondu alitafsiri.

"Walikuwa kanisani?" Kiema akauliza.

"Kanisani."

"Wakiomba?"

"Wakiomba."

Mzee aliangalia sakafu. "Mimi niliambiwa ni Sodoma," akasema kwa sauti ndogo, na sentensi hiyo Kalondu hakuitafsiri, kwa sababu haikuwa ya mgeni. Kisha mzee akainua uso. "Huyo kaka yako. Yuko hai?"

"Alifariki zamani. Hakuoa. Alisema hajui amwambie mke nini."

"Mimi nilipokewa na mama yangu," Kiema akasema. "Alikuwa amesimama mlangoni." Akaketi.

Baada ya ibada, chai na viazi vitamu viliandaliwa kwenye darasa la watoto. Tamko la Margit likawekwa mezani. Kina mama walitia sahihi, na wasiojua kuandika wakatia kidole. Lakini mzee Musembi na wenzake watatu waliowahi kuvaa sare za Mwingereza walikaa ukutani na vikombe vyao. Hakuna aliyesogea, maana Kiema hakusogea.

Kalondu aliketi karibu naye. "Tata, hata baada ya kumsikia?"

"Nisomee tena."

Akamsomea. *Dhambi isiyo na sababu.*

"Hapo," akasema Kiema. "Hapo ndipo siwezi. Nani alicheza ngoma? Ni mimi. Nikitia kidole hapo nitakuwa namdanganya huyo mama machoni pake. Yeye hakunidanganya."

"Basi wewe ungesemaje?"

Mzee alifikiri. Chai ikapoa mkononi. Alipoanza kusema, Kalondu alichukua kalamu akageuza karatasi upande mtupu. Musembi alisogeza kiti. Wakabishana, wakafuta, wakaandika tena. Kina mama nao wakaingilia, na Pasta Muthama akaondoa neno moja ambalo mzee akalirudisha. Mwishowe yakawa haya:

*Sisi wa Kilungu, wengine wetu tulirudishwa nyumbani na bomu lile, na tulifurahi. Hatukujua ni nani alikuwa chini yake. Sasa tumemwona, amekula nasi. Hatutaki mtoto wetu wala wa mtu mwingine arudishwe nyumbani kwa njia hiyo tena. Wenye mabomu wayaweke chini, na wasingojeane.*

Kiema alitia kidole kwanza. Musembi akafuata, na wale wengine. Kina mama wakapanga mstari upya upande huo.

Jumatatu Kalondu alimpelekea Margit. Mholanzi alisomewa kwa Kiingereza, uso ukamshuka.

"Mwalimu, hapa wanasema walifurahi. Siwezi kupeleka karatasi inayosema watu walifurahi. Wanaotetea mabomu wataichukua na kuipunga hewani."

"Isome hadi mwisho."

"Nimeisikia hadi mwisho. Lakini maneno lazima yawe sawa kwa kila nchi, ndiyo maana ya tamko."

Kalondu aliongea taratibu, kama anavyoongea na mzazi mkorofi ofisini. "Ukitaka yale ya kwanza, yako upande wa pili, yana sahihi za kina mama tu. Tuna watoto, sisi ni rahisi kutushawishi. Hawa ni wanaume waliobeba bunduki. Hao ndio wagumu, na wamekuja. Nikirudi niwaambie ukweli wao haukupokewa, hawatakuja mara ya pili. Na wenye mabomu, dada yangu, nao ni wanaume waliobeba bunduki."

Margit alimgeukia Fumie, akitumaini atamsaidia. Fumie alikuwa ameketi na mikono magotini.

"Kaka yangu angetia sahihi hii," akasema. "Ile yako, hapana. Acha aisome hemani."

Kalondu aliisoma jukwaani alasiri ile, kwa Kikamba kwanza, halafu kwa Kiingereza. Alipofika kwenye neno *tulifurahi*, minong'ono ilipita hemani, akaendelea. Alipomaliza, mama mmoja Mmarekani mwenye mvi alisimama akasema mume wake alipigana Pasifiki, na maneno ya kwanza ya karatasi hiyo huyasikia mezani kwake kila mwaka. Yale ya mwisho hajawahi kuyasikia, na angependa kumpelekea mumewe. Mwanamke wa Kirusi aliyekuwa akigombana naye wiki nzima akaomba nakala yake pia. Wakaketi benchi moja kunakili, wakipokezana kalamu.

Margit aliitia karatasi ya Kilungu kwenye mkoba wake pamoja na nyingine. Hakubadilisha neno.

Kalondu alirudi nyumbani na vumbi la safari. Baba yake alikuwa akimngoja njiani na fimbo yake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Waliipokea?"

"Waliipokea, Tata."

"Mmarekani alisemaje?"

Akamweleza.

"Na Mrusi?"

"Aliomba nakala."

Kiema aliitikia kwa kichwa, akapiga hatua kadhaa, akasimama. "Na mabomu?"

"Bado wanayo. Wote wawili."

"Basi itabidi uende tena," akasema mzee, akampokea mkoba, wakapanda mlima.