Maji ya Moto Alfajiri

Kifuniko cha sufuria kiligonga, ti, ti, ti, kisha kikanyamaza ghafla kama mtu aliyezibwa mdomo. Bibi akafumbua macho. Nje bado giza, naye alikuwa mgeni katika nyumba hii ya bintiye, lakini udadisi haukumwacha alale. Akajitupia mtandio, akanyata hadi jikoni.

Mjukuu wake, ambaye nyumba nzima ilimwita Chiriku kwa jinsi asivyoishiwa maneno, alikuwa amesimama jikoni amekishika kifuniko kwa kitambaa kisigonge tena. Sakafuni palikuwa na beseni, na ndani yake shuka.

"Nimekuamsha, Bibi?"

"Hukuniamsha. Nimekuja kuona nani anapika shuka, mke mwenzangu."

Chiriku akainama. Bibi alikuwa amefua mashuka ya hospitali mpaka akastaafu, hakuhitaji kuelezwa.

"Zima jiko. Damu ukiipa maji ya moto inang'ang'ania. Ipe ya baridi na chumvi kidogo, itaachia."

Wakachuchumaa, wakafikicha pamoja. Doa likaanza kufifia.

"Bibi, na hizi hasira za kila saa? Nazo zinatokana na haya?"

"Nyingine, ndiyo. Mwili unajengwa upya, na mafundi hawajui kufanya kazi kimyakimya. Nyingine zina sababu zake. Zako zinaanzia wapi?"

Chiriku alikwangua sabuni kwa ukucha. Kuna mvulana wa darasani, akasema, rafiki yake. "Hataki nijiunge na timu ya mpira. Mwalimu anachagua wachezaji leo. Anasema kama nampenda kweli, sitakwenda."

Bibi alitamani kuuliza ni mtoto wa nani, ili akamsubiri getini na mwiko. Akayameza hayo.

"Ukimkatalia, anakuwaje?"

"Ananuna. Hanisemeshi mpaka niombe msamaha."

"Kwa kosa gani?"

"Sijui. Sijawahi kujiuliza."

"Mazuri anayo?"

"Anayo. Ananichekesha. Nikiugua ananinakilia masomo."

"Basi si mtu mbaya. Naye ana mafundi wake mwilini. Ila mzigo wa kununa kwake aubebe mwenyewe."

"Babu alikuwa ananuna?"

"Babu yako? Kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilikuwa namwambia, ukimaliza, chai iko mezani. Halafu naenda zangu kazini."

Binti akacheka, akajiziba mdomo asimwamshe mama. "Na huyu asipomaliza?"

"Utaumia. Sikudanganyi. Utalia, utamwambia mama yako, na mimi utaniambia."

Jioni Bibi alikuwa akifunga mkoba wake wa safari Chiriku alipoingia, magoti vumbi tupu, macho mekundu.

"Nimekwenda. Nimechaguliwa. Yeye amehama dawati."

"Ukaomba msamaha?"

"Ulifika hapa," akagusa koo. "Nikatafuta kosa, nikalikosa."

Bibi akamsogezea nafasi kitandani. Hakumwambia kwamba kesho rafiki yake atarudi, wala kwamba wavulana wako tele. Alimshika mkono tu, naye akalia mpaka akachoka, kisha akapiga chafya, wote wawili wakacheka.

Mkoba aliubeba Chiriku hadi kituoni, akakataa katakata kuuachia. Basi lilipofika, bado alikuwa ameukumbatia.

"Mechi ya kwanza ni wiki ijayo," akasema. "Bibi, utakuja tena?"