Mjusi Asiyejua Ukuta

Wiki tatu nzima Dada Ndoo alikuwa anazichungulia ndoo, na ndoo zinamchungulia yeye. Tupu! Jina hilo alipewa na wachonga mawe, maana alifika kiwandani kwao na ndoo kumi na mbili, akazifukia zote ardhini mpaka ukingoni, akaenda zake. Tangu hapo kila saa moja asubuhi anarudi, anapiga magoti, anainuka na vumbi tu.

Alikuwa mtafiti wa wanyama, anamtafuta mjusi adimu. Siyo yule wa darini anayetembea kichwa chini, hapana. Huyu ni wa ardhini, mdogo kama kidole cha mwisho, rangi ya vumbi la mawe, na vidole vyake havinati hata kidogo. Ukuta haujui kabisa! Akitumbukia kwenye ndoo ya plastiki, basi, hatoki mpaka atolewe.

Na leo ndiyo leo. Tajiri wa kiwanda alishasema: "Nionyeshe hata mmoja kabla ya saa mbili, kona ile ya kutupia mabamba mabovu ya mawe naiacha. Usiponionyesha, tingatinga linasawazisha." Na tingatinga lenyewe limeshafika, linanguruma, dereva anapiga miayo.

Ndoo ya kwanza, tupu. Ya tano, tupu. Ya kumi na moja, tupu. Ya kumi na mbili, lo! Mtu! Mlinzi wa usiku, ambaye siku zote huondoka kabla Dada Ndoo hajafika, leo alibaki kulifungulia tingatinga geti. Kalala kifudifudi, mkono wote ndani ya ndoo.

"Mjomba, unafanya nini?"

"Namtoa huyu maskini ya Mungu. Sijui ni mpumbavu gani anaacha ndoo wazi hivi! Kila alfajiri wanatumbukia."

"Kila alfajiri?"

"Jana wawili, juzi mmoja. Nazungukia ndoo zote kabla sijatoka. Roho yangu hainiruhusu kuacha kiumbe shimoni. Hata ungetumbukia wewe ningekutoa."

"Mjomba, huyo mpumbavu ni mimi!"

Mlinzi akafungua kiganja polepole. Huyo hapo! Macho makubwa hayana kope, akatoa ulimi akajilamba jicho, kama mzee anayefuta miwani. Dada Ndoo nusura apige kelele.

"Wengine uliwapeleka wapi?"

"Chini ya bamba lile lililopasuka. Pana unyevu, mchwa tele."

Wakakimbia. Wakalishika bamba huku na huku, wakaliinua taratibu. Watatu! Wanne! Sita! Wakatawanyika kama wanafunzi waliosikia kengele ya kwenda nyumbani. Na pale katikati, mayai mawili meupe, madogo kama mbaazi. Mlinzi akanyoosha mkono.

"Usiguse, mjomba! Ukiligeuza yai, mtoto anaweza kufia ndani."

Nyuma yao tingatinga likaanza kusogea. Dada Ndoo akaruka mbele yake, mikono wazi. "Simama weee!"

Tajiri akaja mbio, jasho linamtoka. "Yuko wapi? Nionyeshe!" Na kabla hajajibiwa, akamwona mmoja miguuni pake, akainama, akambana mkia. Mjusi huyoo, kaenda! Mkia ukabaki unacheza ngoma vidoleni mwa tajiri.

"Mama yangu! Nimemuua!"

Wachonga mawe wakaangua kicheko mpaka patasi zikawadondoka.

"Hujamuua, tajiri," Dada Ndoo akasema, naye anacheka na machozi yanamtoka. "Kakuachia mkia ili aokoe roho. Ataota mwingine."

Tajiri akautazama mkia, bado unajinyonganyonga. Akamgeukia dereva. "We, zima hilo! Kona hii haiguswi!"

Dada Ndoo akamrukia mlinzi akamkumbatia, kofia ikamwanguka.

"Sasa hizo ndoo," mlinzi akauliza, "nisiwatoe tena?"

"Watoe, mjomba! Ila uwe unaniandikia wangapi."

"Kuandika sikuwezi. Nitakuwekea kokoto, moja kwa kila mjusi." Akachuchumaa pale pale, akaanza kuzipanga pembeni mwa bamba. "Jana wawili. Juzi mmoja. Siku ile ya mvua, ngoja kwanza, walikuwa watano..."