Majina Kwenye Upindo

Shule nilisoma miaka miwili tu. Mama alipofariki nilirudishwa nyumbani kuchunga kondoo, na mwalimu wetu akamwambia kaka yangu Tomo, "Unaniondolea mwanafunzi pekee anayejua kunyamaza." Miaka hiyo miwili ilinitosha kujifunza herufi zetu, zile za kwenye vitabu vya kanisa la Kiothodoksi. Lugha yetu huandikwa kwa herufi za aina mbili, hizo zetu na zile za Kilatini, na watoto wa vijiji vya chini ya mlima Kozara walianza na zetu, za Kilatini zikafuata darasa la tatu. Mimi la tatu sikufika.

Kiangazi cha mwaka 1942 Maustasha, wanamgambo wa kifashisti walioishika nchi, pamoja na Wajerumani waliowaweka madarakani, waliuzunguka mlima wetu na kuupita kijiji kwa kijiji. Tomo walimpiga risasi kwenye shamba letu la matunda, na wanaume wengine wote pamoja naye, kwa sababu sisi ni Waserbia na wao waliamua kwamba katika nchi yao Mserbia asiwepo. Wanawake na watoto tulitembezwa siku tatu hadi kambi kando ya mto Sava. Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na uwanja, waya wa miiba na bomba moja la maji.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa na wifi yangu Staka, mke wa Tomo, na mtoto wao Neva, ambaye alikuwa hajatimiza miaka miwili na alikuwa na kovu la moto kwenye goti la kushoto. Alikuwa anajua maneno manane. Mimi aliniita Ida, kwa kuwa V ya Vida ilikuwa inamshinda.

Siku ya nne habari ilizunguka kwamba wanawake tutapelekwa Ujerumani kufanya kazi na watoto watabaki. Wengine walilia. Jirani yetu Bi Kosara, ambaye hata msibani hakosi neno la kuchekesha, alisimama katikati yetu na binti yake Dushanka mgongoni akasema, "Kulia baadaye. Kwanza tuandike majina yao, tukirudi tujue nani wa nani. Nani ana kalamu?"

Wifi Staka alikuwa na penseli ya useremala ya Tomo, ile ya zambarau ambayo ukiilamba inaandika kama wino na haitoki kwa maji.

"Aandike Vida," akasema. "Vida alienda shule."

"Vida?" Bi Kosara akaangua kicheko. "Huyu ambaye ukimsalimu anakimbilia nyuma ya mlango? Haya jamani, bubu wetu leo ni karani! Pangeni mstari, na msimkoholee."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto, lakini nilikaa chini nikaanza. Tuliandika upande wa ndani, kwenye upindo wa magauni na mashati, mahali ambapo kitambaa ni kizito. Nafasi ilikuwa ndogo.

"Na ukoo niweke?" nilimuuliza Bi Kosara kwa sauti ya chini.

"Ukoo wa nini wewe? Nusu ya kijiji ukoo mmoja! Ukiandika ukoo tutarudi kugombania watoto. Weka jina lake na la baba yake, basi."

Kwa hiyo niliandika Neva wa Tomo, ambalo kwa lugha yetu huandikwa Neva Tome. Kwetu mtoto hutajwa hivyo, na hakuna aliyewahi kupotea kwa kutajwa hivyo. Niliandika Mara, Vera, Dushanka, Savka. Niliandika nguo thelathini na moja, polepole, kwa herufi nzuri, na kila neno nikailamba penseli.

"Toa ulimi tuuone," Bi Kosara akaniambia nilipomaliza. Nikautoa. "Mungu wangu, mtazameni! Amekula kuku wa rangi gani huyu?"

Wanawake walicheka. Wifi Staka pia alicheka. Nakumbuka hilo kwa sababu sijawahi kumsikia akicheka tena.

Asubuhi yake walileta meza na kuiweka karibu na lango. Wanawake walisukumwa upande mmoja. Walio na watoto hawakukubali kuwaachia, walipigwa vitako vya bunduki na bado hawakuachia, ndipo askari wakatuita sisi wasichana tusio na watoto tuwachukue na kuwapeleka mezani. Wifi Staka alinipa Neva mwenyewe. Aliniambia, "Hakikisha wamemwandika."

Mezani alikaa kijana aliyechana nywele vizuri, mwenye sare nyeusi. Alikuwa anakula pea, anaikata vipande kwa kisu kidogo. Pembeni yake alisimama askari mwenzake. Kijana alifunua upindo wa gauni la Neva akasoma kwa sauti.

"Heba."

Yule askari akainama kutazama. "Si Neva hiyo? Herufi hizi tulifundishwa shule moja mimi na wewe, acha utani."

"Mimi naona H, E, B, A," kijana akasema. "Wewe unaona herufi zipi nyingine? Sema kwa sauti, afisa yule pale akusikie."

Herufi zetu zilikuwa zimepigwa marufuku kwa sheria, wiki mbili tu baada ya wao kuitangaza nchi yao. Yule askari alimtazama afisa, kisha akacheka. "Heba," akasema. "Jina la kupendeza."

"Heba Tome," kijana akaandika, na hilo Tome alilikuta sawa, maana herufi zake zinafanana katika aina zote mbili. Mtoto aliyefuata alikuwa Mara, akaandika Mapa. Vera akawa Bepa. Walikuwa wanacheka sasa, wamepata mchezo. Alipofikishwa Dushanka, kijana aliugeuza ule upindo juu chini, chini juu. D yetu haifanani na herufi yoyote ya Kilatini, wala Sh.

"Hii ni michoro ya kuku. Huyu hana jina." Akapiga mstari. Kisha akainua macho. "Nani aliyeandika uchafu huu?"

Alikuwa ananitazama mimi, kwa kuwa nilikuwa wa kwanza kufika mezani na Neva bado alikuwa mikononi mwangu, ananivuta nywele.

"Mtoto wako?"

Nilitikisa kichwa kukataa.

"Anaitwa nani?"

Ulimi wangu ulikuwa wa zambarau. Ningefungua mdomo angeuona. Lakini nisiseme ilikuwa ulimi tu. Tangu utotoni watu wakinitazama sauti hunikauka, na siku ile ilinikauka vivyo hivyo, kama nimeulizwa na mgeni njia ya kwenda kisimani.

"Bubu wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa, ndiyo, mimi ni bubu.

"Mweke pale."

Nikamweka Neva chini kwenye majani, katikati ya wenzake. Akasema "Ida", akanyoosha mikono, akidhani namtania. Nikarudi kumchukua mwingine.

Jioni hiyo tulipakiwa kwenye mabehewa. "Wamemwandika?" wifi Staka aliniuliza. Nikamjibu, "Wamemwandika."

Miaka mitatu tulipakia makopo ya kabichi katika kiwanda karibu na Linz. Herufi za Kilatini nilijifunza hapo, kwenye maboksi, na ndipo nilipoelewa vizuri mchezo ule: N yetu kwao ni H, V yetu ni B, R yetu ni P. Nikiwa nimelala niliwapitia watoto wote mmoja mmoja. Nilijua kila mmoja angeitwaje, na nilijua wepi walipigiwa mstari.

Tuliporudi mwaka 1945 nyumba haikuwa na paa. Wifi Staka hakulitazama paa. Alifunga mkate kwenye kitambaa akaenda Sisak, kisha Zagreb, kisha kila mahali aliposikia watoto wa kambini walipelekwa. Aliuliza Neva, Nevenka, Neva binti Tomo. Alivua watoto wa watu soksi atazame magoti. Alikuwa akirudi, ananawa miguu kwenye beseni, anasema, "Wamesema nirudi mwezi ujao."

Nami nilikuwa namwekea maji ya moto. Neno moja tu lilihitajika, na nilikuwa nalo mdomoni mwaka mzima. Kila alipoondoka niliapa kwamba akirudi nitamwambia. Akirudi nilimwona alivyochoka, nikajiambia angalau ana pa kwenda mwezi ujao. Huo ulikuwa uongo. Niliogopa aniulize lile neno nililitoa wapi.

Vuli ya mwaka 1946 miguu ilimvimba, akanitaka nimsindikize Zagreb. Ofisini palikuwa na mama mwenye miwani na ukuta mzima wa visanduku vya kadi.

"Neva hatuna, mama Staka," akasema kwa upole. Alishamfahamu kwa jina. "Kadi yake ingekuwepo ningekuandikia barua."

"Tazama tena."

"Nimetazama mara sita."

Wifi Staka alishika ukingo wa meza ili aweze kusimama, na nilipoiona ile mikono sikuweza kuficha tena. Nilionyesha penseli yake yule mama, akanipa na karatasi. Nikaandika Neva wa Tomo kwa herufi zetu, kama nilivyoandika kwenye upindo, nikasema, "Isome kama Kilatini."

"Kama Kilatini?" Akasoma, akanitazama, akavua miwani. Halafu akaenda kwenye kisanduku cha H.

Kadi ilikuwepo. Alitusomea amesimama. Heba Tome, msichana, miaka miwili hivi, kovu la moto goti la kushoto. Alipokelewa tarehe kumi na mbili Agosti. Alifariki tarehe kumi na tisa Agosti.

"Soma tena," wifi Staka akasema.

Akasoma tena.

"Wiki moja." Kisha akanigeukia. Hakupaza sauti. "Ulijuaje?"

Nikamweleza hapo hapo, meza, yule kijana, pea, bubu. Sijawahi kusema maneno mengi hivyo maishani mwangu. Yule mama alijifanya anapanga kadi.

"Ungesema jina lake siku ile, angepona?"

"Sijui, wifi."

"Hujui. Na mimi sijui. Sasa nitakaa na hilo hadi nizeeke." Akakaa kwenye kiti. "Nimewavua soksi watoto wa watu mwaka mzima, Vida. Nawe unanipashia maji."

Akanisukumia karatasi.

"Andika na wengine. Wote."

Niliandika wote thelathini na moja. Kumi na wanane walikuwa na kadi, kila mmoja kwa jina la kipuuzi alilopewa pale mezani. Kumi na saba walikuwa wamekufa Agosti na Septemba. Mmoja, Savka, alipewa familia fulani na anwani ilikuwa imefutika kwa maji. Kumi na watatu majina yao yalikuwa na herufi kama D au Sh au L, zisizo na za kufanana nazo. Yule mama alitufungulia kisanduku chao. Kadi zaidi ya mia mbili, na kila moja juu imeandikwa "hana jina", na umri, na rangi ya macho, na nyingi hata rangi ya macho haikuandikwa.

Kwenye gari moshi wifi Staka alikaa behewa jingine. Tuliposhuka aliniambia, "Utakwenda nyumba kwa nyumba. Mimi sitakusemea."

Nyumba ya kwanza kutoka barabarani ni ya Bi Kosara. Alikuwa uani anapura maharage.

"Bubu wetu! Karibu, mbwa hana meno tena, usiogope. Mmepata nini huko?"

Nikamwambia. Alisikiliza bila kuacha kupura. Nilipofika kwa Dushanka, nilimweleza kwamba ameandikwa hana jina, na kwamba hao wako mia mbili na zaidi.

"Basi hajafa."

"Sijui, Bi Kosara. Wengi humo wamekufa."

"Lakini ipi ni yake, hujui."

"Haijulikani."

Aliweka fimbo chini. "Wewe unajua hizo herufi. Niambie, ningemwita nani ili apatikane?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa ananitania. Nikafikiri, nikapanga herufi ambazo hazibadiliki.

"Jeka," nikasema. "Jeka lingesomeka vilevile."

Bi Kosara akatazama maganda ya maharage miguuni pake.

"Mama mkwe alitaka aitwe Jeka," akasema. "Jina la mama yake. Tuligombana wiki nzima. Nilimwambia ni jina la mbuzi."

Nilingoja acheke. Aliokota fimbo, akaiegemeza ukutani, akaingia ndani, akafunga komeo. Nikatoka uani. Mama yake Mara alikuwa ameshaniona kutoka ng'ambo ya barabara. Alikuwa amefungua geti, anajifuta mikono kwenye aproni, ananisubiri.