Unga Mweusi wa Beringi

...mia tatu na kumi, nasema kwa sauti ili fundi mkuu asikie, na macho siyatoi kwenye kipimo cha tanuri, maana nikigeuka tu nitamwona shemeji kajiegemeza kando ya mnyororo unaovuta matoroli ya springi za malori kupita ndani ya tanuri, hana habari hii wala ile, na beringi za mnyororo huo nimezipaka mimi asubuhi, kulikuwa na makopo mawili, moja la grafaiti inayostahimili tanuri, moja la moli isiyolistahimili, huku unga mweusi, kule unga mweusi, karatasi zimebanduka, nikasugua kidole kwa kidole kama tufanyavyo sote hapa, huu unateleza zaidi, huu ndio grafaiti, vidole vyangu havijawahi kunidanganya, nikajigamba mbele ya watu, ee Mungu wangu... lakini vidole ni baridi! kwenye baridi unga wa moli huteleza kuliko grafaiti, uukandamize kwa tani ngapi sijui, unateleza tu, joto ndilo linaloumaliza, ukipita mia tatu na hamsini hewa inaanza kuula, unabaki mchanga mtupu ndani ya chuma, na leo tunakwenda mia nne na thelathini... "Ngapi sasa?" mia tatu na ishirini, fundi... beringi ikikwama mnyororo utakatika, na ukikatika utamfyeka aliye karibu, na dada yangu ana mimba ya miezi saba, jana tu kanitania, "Nitazamie mume wangu huko, anapenda maringo," nikacheka... "Shemeji, mbona uso umekushuka, njaa?" niko sawa, shem, niko sawa, mwongo mkubwa mimi, sawa wapi na jasho limefika kwenye nyayo... labda nilichota kopo sahihi, labda, mbona uliteleza mno basi, tanuri likizimwa sasa hivi shehena yote imeharibika, watasema si tulisema, huyu ni wa vyeti tu, watanisimanga mpaka nistaafu... mia tatu na thelathini... nimetega sikio nisikie kama beringi inakwaruza, bado, bado, na hapo najishtukia, kumbe nangoja chuma kikiri badala yangu! na siku chuma kitakapokiri shemeji atakuwa chini, nitamwambia nini dada, kwamba niliona haya? haya gani hizo, naogopa, naogopa sana, sindano inagusa mia tatu na arobaini, shemeji yuko palepale, "Ngapi?" anauliza fundi, "Zima, fundi! Shem, toka hapo, toka! Nimepaka unga usio wenyewe."