Mkanda wa Mume wa Anyes

Kati ya watu sitini na wanne wa kitongoji chake waliotakiwa kupimwa presha, Tusajigwe alikuwa amebakiza mmoja, naye alikuwa baba mkwe wake.

Kwa Wanyakyusa walioshika mila, mkamwana hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, wala halitaji jina lake. Wapo walioacha. Mzee huyu hakuacha, na Tusajigwe, mhudumu wa afya pekee katika upande ule wa Bujonde, hakuona sababu ya kugombana naye. Kilichomsumbua ni kusikia kwamba mzee siku hizi anaamka akiwa ameshika kisogo. Kaka yake naye alianza hivyo hivyo, kisha akaanguka shambani wakati wa kuvuna mpunga. Sasa alikuwa akilishwa uji kwa kijiko.

Kwa hiyo Tusajigwe alimfundisha mama mkwe wake, Anyes. Walikaa uani, akajifunga mkanda wa mashine mkononi mwake mwenyewe, akabonyeza kitufe, akamwonyesha namba za kusoma. Kisha akamwachia mashine, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa jiko, uso ameuelekeza kwenye migomba.

"Mia ishirini na mbili kwa sabini na nane," Anyes alisoma kutoka ndani.

"Ndaga, mama," Tusajigwe alishukuru, akaziandika kwenye daftari mbele ya maneno "Mume wa Anyes", maana jina lenyewe hata kuliandika hakuweza.

Jumatatu iliyofuata namba zilikuwa karibu zile zile. Zilikuwa namba nzuri, za mtu asiye na umri ule.

Jumatatu ya tatu, mashine ikivuma ndani, alisikia panga likipasua kakao nyuma ya nyumba. Akasikiliza. Panga halikupumzika.

"Mia ishirini kwa sabini na saba."

"Mama, nani anapasua kakao?"

"Baba yako."

"Na mkono uliopimwa?"

"Wangu."

Anyes alitoka na mashine, mwepesi kama mtu aliyetua mzigo. "Siku ile alikuona unajifunga ule mkanda. Umezunguka mkono wa mkamwana, yeye auvaeje? Akaniambia nijipime mimi, kwani tunakula chungu kimoja."

Tusajigwe aliwaza. Kujifunga kwanza ndivyo alivyofundishwa kwenye semina, ili watu wasiogope. Semina haikuwa na wakwe.

Kesho yake alimweleza Lucy, muuguzi wa zahanati.

"Hata ukiupangusa kwa spiriti?" Lucy aliuliza.

"Spiriti inaua vijidudu," Tusajigwe alisema. "Hivi si vijidudu."

Lucy alifungua kabati, akampa mkanda mpya ukiwa bado ndani ya nailoni.

Tusajigwe hakuifungua ile nailoni. Aliiweka kizingitini pamoja na mashine, akaenda nyuma ya ukuta. Safari hii panga lilinyamaza. Alisikia nailoni ikichanwa polepole, na Anyes akisema, "Legeza mkono, mzee, hupigani." Mashine ikavuma muda mrefu.

"Mia tisini na mbili," Anyes alisoma. Sauti yake ilishuka. "Kwa mia kumi na nne."

"Apumzike dakika tano, mama, upime tena."

Namba za pili zilikuwa mia themanini na nane kwa mia kumi na mbili.

"Mama, mwambie baba aende zahanati leo hii."

"Mwambie ninamalizia kakao," mzee alimwambia mkewe.

"Mwambie kaka yake naye alikuwa anamalizia mpunga."

Baada ya muda Tusajigwe alisikia panga likichomekwa kwenye gogo, kisha miguu ikielekea barabarani. Alihesabu hadi mia mbili ndipo akafuata, akibaki nyuma sana, kama inavyotakiwa.

Mzee alianzishiwa dawa siku hiyo. Lucy alipofungua daftari la Tusajigwe akauliza jina la mgonjwa, aliambiwa amwulize mwenyewe.

Ripoti ya mwezi ilionyesha kwamba kitongoji kina mikanda miwili ya presha, mmoja wa watu sitini na watatu, mwingine wa mtu mmoja. Huo wa pili unaning'inia kwenye msumari wake nyumbani kwa Anyes. Jumatatu ambayo Tusajigwe anakawia, mzee husikika akimwambia mkewe kwa sauti ya kufika hadi migombani, "Mwambie mwenye mashine amechelewa."