Siku Tuliyovaa Korea

Msije mkadanganywa na Emalin. Yeye anawaambia watu kwamba siku ile mimi peke yangu ndiye niliyeharibu. Tulikuwa wanawake kumi na wawili pale, ukimwacha mwalimu, na wote kumi na wawili tulikuwa tumevaa upuuzi uleule. Tena wake ulikuwa na maua makubwa kuliko wangu.

Barua ilikuja Jumatatu. Mwalimu wetu, Bi Hemalatha, alitusomea akiwa amesimama, naye kwa yale magoti yake mabovu huwa hasimami ovyo. Afisa kutoka Colombo angekuja Alhamisi kukitazama kituo chetu cha ufumaji, hapa Watuhena, kisha angeandika kama serikali iendelee kutuletea uzi au iache. Bila uzi hakuna kufuma, hilo hatuhitaji kusomewa. Nikakitazama kitanda changu cha mfumi, namba nne, kile cha dirishani, ubao wake wa kukalia umelainika kwa makalio yangu ya miaka saba. Nyumba ni ya Wilbert, mume wangu. Shamba ni la kaka zake. Hata kuku ni wa mama mkwe, na mayai anayajua moja moja. Duniani humu ni kitanda namba nne tu ambacho mtu akikitaja anasema "kile cha Piyaseeli".

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo akili yangu ilipoanza kwenda mrama.

Miaka ile saba mlango wa nchi ulikuwa umefungwa. Walituambia tumetawaliwa vya kutosha, na Mreno, na Mholanzi, na Mwingereza, basi sasa tule chetu na tuvae chetu. Maneno matamu kweli. Tukala muhogo mpaka watoto wakiambiwa shuleni wachore chakula wanachora muhogo. Mkate tuliupangia foleni jogoo hajawika. Wilbert alinyang'anywa vibaba viwili vya mchele kwenye kizuizi cha barabarani, maana kuusafirisha kulipigwa marufuku, naye anampelekea mama yake mgonjwa, kana kwamba amebeba bangi. Niliilaani serikali ile kila asubuhi, na kila jioni nilikula kwa mkono wake, kwa sababu nguo za nje hazikuingia na zetu ziligombaniwa pale duka la ushirika. Zikiwa kombo wanachukua. Zikiwa na mafundo wanachukua. Siku moja nilifuma nikiwa na homa, nguo ikaanza nyembamba ikaishia pana kama jamvi, na mke wa mwalimu mkuu akainunua huku akinishukuru.

Uchaguzi ulipofika nikawapigia kura wale waliosema watafungua mlango. Wakafungua. Lo! Maduka ya Matara yakajaa, mkate ukawa mkate, sukari ukitaka unapimiwa. Nilifurahi kama mwendawazimu. Na hata mwaka haujaisha, marobota yetu ya nguo yakaanza kulala kabatini bila mnunuzi, panya wakapata pa kuzalia.

Wilbert yeye ni mmenyaji wa mdalasini, na kwake mambo yalikuwa yanazidi kunyooka.

"Wananunua mpaka vipande vilivyovunjika," aliniambia usiku wa ile barua, anatafuna shelisheli. "Mdalasini wetu unakwenda Meksiko."

"Meksiko ndiyo wapi?"

"Huko mbali. Nao walitawaliwa kama sisi. Wanautia kwenye chokoleti."

"Haya. Mlango mmoja, si ndiyo? Gome lako linatoka, mbona nguo yangu haitoki?"

Akacheka, mshenzi yule. "Kwa sababu gome langu limenyooka, mke wangu."

Nilimwambia alale na gome lake. Lakini neno lile lilinichoma, kwa sababu mimi kufuma nguo iliyonyooka najua. Bi Hemalatha alitufundisha mwaka wa kwanza kwa fimbo na machozi. Tuliacha tu, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anakataa kitu.

Bi Hemalatha akatugawia kazi. Huyu apike wali wa nazi wa kukata vipande, huyu maandazi ya asali, yule atafute majani mazuri ya tambuu ya kumpokelea mgeni. Mwisho akasema, "Na Alhamisi mje mmependeza. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Mje mmependeza! Neno hilo ndilo lililotumaliza. Kwetu sisi mgeni wa serikali huwezi kumkabili na nguo ya kisimani. Utakuwa umemtukana yeye, na umemtukana mama yako aliyekulea. Na nguo zetu za kufuma, tuseme ukweli, ndizo nguo za kisimani. Ndizo za jikoni, za kunyonyeshea, za kufunika mpunga. Basi Jumatano nikachukua malipo yangu ya wiki, nikapanda basi hadi Matara, nikanunua sari ya Korea. Rangi ya tausi. Nyepesi mno, yote ukiikunja inaingia kwenye kikapu cha tambuu. Sikumwambia mtu. Nilitaka afisa aone kwamba namba nne anafuma mtu wa heshima.

Alhamisi asubuhi nilifika mapema nikakaa mahali pangu. Wakaanza kuingia. Wa kwanza sari ya Korea, kijani. Nikasema moyoni, amependeza. Wa pili Korea, waridi. Wa tatu. Wa nne. Hata Bi Hemalatha. Tukawa tunasifiana, hee, umetoka wapi nayo, hee, inateleza kama maji. Mwisho kabisa akaingia Emalin, mkubwa wetu kwa umri, na yale maua yake mekundu. Akasimama katikati ya chumba ageuke tumwone. Nami nikiwa nimemtazama yeye, nyuma yake nikaviona vitanda kumi na viwili, na marobota yetu nyuma ya wavu wa kabati.

"Akka," nikamwambia, kama tunavyomwita dada mkubwa, "hebu tutazame."

"Nawaona. Mmependeza."

"Tumependeza na nini?"

Akatazama. Akamtazama huyu, akamtazama yule, akainama akaitazama yake. Akajipiga mdomoni kwa kiganja. "Ebo! Sasa tunakwenda kumwomba mtu uzi tukiwa tumevaa hivi?"

"Tuchane kitambaa kabatini tujifunge!" mmoja akasema.

"Kabati lina kufuli, ufunguo uko nyumbani kwa Bi Hemalatha."

"Mbio basi!"

Honi ikalia nje. Aliyekuwa ameanza mbio akakaa.

Afisa alikuwa bwana mmoja mwembamba, Bwana Rajakaruna, macho yamechoka, faili kwapani. Bi Hemalatha akampa tambuu kwa mikono miwili akainama. Akapokea kwa adabu. Kisha akatupitishia macho, kitanda kwa kitanda, na sisi kila mmoja akijaribu kujificha ndani ya rangi zake. Mimi nilikuwa nimejikunja mpaka kidevu kinagusa magoti.

"Akina mama," akasema, "ni nani hapa amevaa nguo aliyoifuma?"

Mjusi akalia darini. Emalin, mungu amsamehe, hawezi kuvumilia kimya.

"Mganga hajigangi, mheshimiwa."

Watu wakacheka kwa woga. Hata yeye alitabasamu kidogo. Akaja moja kwa moja dirishani. Kwangu!

"Mama, nguo ipi ni bora? Hiyo uliyovaa au hiyo unayofuma?"

Ningeweza kudanganya. Mpaka leo nyumbani wananiuliza kwa nini sikudanganya. "Hii hukauka kabla hujamaliza kuianika, mheshimiwa," nikasema. "Ile yetu ikinyeshewa inakuwa nzito kama mtoto. Lakini hii mchana inaniunguza mgongo. Na ile inanipa kula. Na hii nimeipenda. Sijui, mheshimiwa. Nisaidie wewe uliyesoma."

"Unajua imetoka wapi?"

"Korea."

"Nao walitawaliwa kama sisi. Wajapani waliwatawala."

Nikashikwa na hasira, wala sijui hasira ya nini. Watu wa mdalasini walitawaliwa, watu wa sari walitawaliwa. Sote tulitoka kwenye kifungo kimoja, basi wao walipata wapi nafasi ya kujifunza kutumaliza? "Hao Wakorea," nikamuuliza, "walifunga mlango au walifungua?"

Akajikuna shavu kwa kalamu. "Yote mawili, mama. Walifunga huku, wakafungua kule."

"Na sisi?"

"Sisi tulifunga kote. Sasa tumefungua kote."

"Ipi ilikuwa sawa?"

"Kama ningejua," akasema taratibu, "nisingetumwa Watuhena."

Nilimpenda mtu yule kwa jibu lile, na wakati huohuo nilitamani kumpiga na chanuo la kitanda, lile la kushindilia uzi. Afisa mzima! Kama yeye hajui, sisi tumuulize nani, mbuzi?

Akainama akapima nguo yangu kitandani kwa macho. Ilikuwa kombo, kama kawaida. Akashusha sauti ili wengine wasisikie. "Sikiliza. Kuna watu huko nje wananunua nguo za mkono, lakini hawachukui kombo. Nipe kitu cha kuandika. Nifumie shubiri mbili hapa hapa, nione. Zikinyooka, nitaandika kwamba Watuhena wanaweza, wapewe uzi. Kituo chote, siyo wewe tu."

"Shubiri mbili?"

"Mbili tu. Mimi nakula wali wenu."

Nikajisogeza ubaoni. Nikaweka miguu kwenye makanyagio. Nikavuta kamba, kile kibao chenye ncha ya shaba kikapita na uzi, nikausukuma kwa chanuo, nikabadili mguu. Tena. Tena. Sikuwa nimefuma namna ile tangu mwaka wa kwanza. Kila uzi niliugusa pembeni kwa kidole kama anavyotaka Bi Hemalatha, nisikaze, nisilegeze. Shubiri ya kwanza ikatoka, na kingo zake zilikuwa zimenyooka, naapa, ungeweza kuchorea mstari. Afisa akaja na sahani yake akatazama. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma yangu Emalin akanong'ona, "Hivyo hivyo, nangi, mdogo wangu. Usimwangalie. Fuma." Nilisikia raha ambayo sijaisikia miaka. Nikajua nitakipata, nitakipata kitanda changu, na uzi, na wote waliovaa upuuzi nitawaokoa.

Nusu ya shubiri ya pili, sari ikateleza.

Pamba hukaa begani, unaweza kufuma siku nzima, kucheka, kugombana, haitoki. Hii ya Korea ilishuka begani kimya kimya, ncha yake ikaangukia mbele, juu ya mtande, juu ya zile nyuzi zote za urefu zilizonyooshwa kitandani. Sikuona. Nilikuwa nimevuta kamba. Kibao kikaja mbio, ncha ya shaba ikaizoa sari ikaitumbukiza katikati ya nyuzi, chanuo likaishindilia, na kitanda kikakwama kwa mlio nisioujua. Nikavuta. Rangi ya tausi ikazidi kuingia. Uzi mmoja ukakatika, tik.

"Usivute!" Bi Hemalatha akapiga kelele. "Kata! Kata upesi!"

Mkasi ulikuwa umening'inia hapo kwenye mguu wa kitanda. Nikaushika. Kukata sari ni kiganja kimoja tu pembeni, dakika moja, na mtande ungebaki salama, shubiri ya pili ningeimaliza. Nililijua hilo. Sitasema sikulijua. Afisa amesimama na sahani, wanawake kumi na mmoja wamesimama, na mimi na mkasi.

Nikakata mtande. Nilianza kushoto nikaenda kulia, nyuzi kwa makumi, zikirukia nyuma moja baada ya nyingine, mpaka sari ikatoka nzima. Nikaikung'uta. Nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha nione kama ina tundu. Halafu ndipo nikageuka.

Emalin alikuwa amejifunika uso kwa maua yake. Afisa akaiweka sahani chini polepole. Hakukasirika. Ningeshukuru kama angekasirika.

"Mama," akasema, "mbona hukukata sari?"

"Mheshimiwa," nikasema, "ni mpya."

Akafungua faili, akaandika mstari mmoja, akafunga. "Nimekuelewa," akasema, akatoka kwenda garini.

Kabla ya mwaka mpya wetu wa Aprili lori la serikali lilikuja likapakia vitanda kumi na viwili, namba nne kikiwa miguu juu. Sari ninayo, sijaivaa tena na siwezi kuitupa. Wilbert nikimuuliza anacheka, Emalin nikimuuliza ananitukana. Hata nikiwa natwanga pilipili, ghafla natamani nipande basi hadi Colombo, nimtafute yule bwana mwembamba ofisi kwa ofisi, nimshike shati nimuulize siku ile alielewa nini, maana mimi niliyeshika mkasi sikuelewa kitu.