Isyo ya Udongo

Saa kumi za jioni Wanza alimaliza kuosha vikombe, akavipanga juani vikauke, akawaita wadogo zake nyuma ya jiko wakapike udongo. Ilikuwa mwaka wa 2000, kiangazi cha tatu mfululizo pale Ndithini, na mama yao, Kalekye, alikuwa ametoka tangu alfajiri kwenda mtoni kupakia mchanga kwenye malori.

Wanza alikuwa na miaka kumi na mmoja, Mbithi saba, na Mwikali hajafika mitatu. Michezo yao ilikuwa ikiishia kwa kilio. Mchezo ukiwa rahisi, Mbithi alichoka akaanza kurusha mawe. Ukiwa mgumu, Mwikali alikaa chini akalia. Kwa hiyo Wanza akamtafutia kila mmoja kazi inayomtosha. Mwikali alichota udongo kwa viganja na kuumimina kwenye kopo, na ukimwagika nje halikuwa kosa. Mbithi alileta maji ya uongo kutoka kisima cha uongo, lakini kwa mguu mmoja, huku akitaja jedwali la tatu. Wanza mwenyewe alipika akiwa amefumba macho, maana bila hivyo mchezo haukuwa na ugumu wowote kwake.

Jumanne hiyo hakuna aliyelia. Katikati ya tatu mara saba, kopo likaanza kutoa mvuke. Wanza alifumbua macho akakuta isyo, mahindi na maharagwe, imeiva vizuri. Akapakua. Mbithi akasema chumvi imepungua.

Kalekye aliporudi alikuta sahani yake imefunikwa. Akaangalia ndani. Mahindi yalikuwa ya manjano, na upande ule wote hakuna mtu aliyekuwa akipanda mahindi ya manjano.

"Mmetoa wapi?"

"Tumecheza, mwaitu," Wanza akamwambia mama yake.

Kalekye akanawa mikono, akala. Kesho yake aliwaachia sufuria kubwa kidogo.

Siku Mwikali alipopata homa akalala ndani, udongo ulibaki udongo. Vilevile siku Mbithi alipomwambia Mwikali, "Wewe hujui kitu, toka hapa." Wanza akajua kwamba mchezo hauivi mtu mmoja akiwa nje, na tangu hapo akawa anaubadilisha kidogo kila wiki, kwa sababu Mwikali alikuwa anakua na kuchota kwa viganja hakukumtosha tena.

Wiki ya tano Bartholomew, naibu wa chifu, aliita baraza kando ya josho la ng'ombe. Mzee Aloys alikuwa na malalamiko. Huyu Aloys alikuwa mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kamati ya mwolyo, kile chakula cha msaada kilicholetwa na lori la serikali. Alisimama akavua kofia.

"Naibiwa," akasema. "Niko na magunia kumi na manne ya mwolyo kwangu nyumbani. Mlango iko na kufuli mbili. Panya hakuna. Lakini kila jioni saa kumi mahindi ya manjano yanashuka kwa magunia, nayaona kwa macho. Nimefuatilia. Ni watoto wa Mama Wanza wakicheza."

Watu wakatoa sauti ya kumhurumia.

Kalekye akakumbuka. Mwezi wa pili alikuwa amepanga foleni tangu asubuhi mpaka jua likageuka, na Aloys huyuhuyu akamwambia mwolyo umekwisha, ajaribu mwezi ujao. Mama mkwe wake hakuufikia mwezi ujao. Kalekye alitazama kulia na kushoto, akingojea uso mmoja tu ugeuke. Wote walikuwa wanatazama kofia ya mwenyekiti.

Akasimama. Akamgeukia Aloys.

"Magunia kumi na manne yako kwako? Si uliniambia hakuna hata punje? Tulimzika mama."

"Mama Wanza," naibu wa chifu akasema kwa upole, "hiyo si ajenda ya leo. Ajenda ni mchezo."

"Pole kwa msiba," Aloys akaongeza, na sauti yake ilionyesha kwamba ni pole ya kweli.

Kalekye akakaa vumbini pale pale. Kwa mbali alisikia ikiamuliwa kwamba watoto hao watatu wasicheze pamoja mpaka mvua inyeshe. Jumapili Mbithi alipelekwa kwa shangazi yake kule Muthetheni, akiwa na shati moja la kubadilisha.

Siku tatu nyuma ya jiko palikuwa na udongo tu. Siku ya nne Mwikali alimvuta mama yake kwa leso mpaka kwenye mafiga, akamwambia, "Keti."

Wanza alimtazama mama yake, akawaza ni kazi gani inayomtosha mtu wa miaka thelathini na nne. Kuchota alikuwa anajua, kupika anajua, kubeba maji ndiyo kabisa.

"Wewe usifanye kitu, mwaitu. Weka mikono hapo kwa mapaja mpaka iive."

Kalekye aliinuka mara mbili kufagia, na mara zote mbili kopo likapoa. Mara ya tatu alibana vidole katikati ya magoti. Akiwa hana la kufanya, akamkumbuka mama mkwe wake alivyokuwa akiuliza kama lori limekuja, na machozi yakamtoka bila sauti. Mvuke ukapanda.

Mwezi huo mwenyekiti aligawa mwolyo kwa kopo dogo la majani ya chai badala ya lile la mafuta ya kupikia. Jirani yao Kalondu, mwenye miaka sabini na minane, alipita kwa Kalekye akiwa na fungu lake kwenye pindo la kanga. Halikujaza hata viganja viwili.

"Mwenyekiti anasema anafidia hasara," Kalondu akaeleza.

Kalekye alishika mdomo. Hakuwa amefikiria kwamba hasara ya Aloys ingetolewa kwenye pindo hilo.

Kalondu hakuwa amekuja kugombana. Alichungulia nyuma ya jiko. "Mwanangu, huo mchezo uko na kazi ya mtu wa umri wangu?"

Wanza alitazama mikono ya bibi kizee, ilivyokuwa ikitetemeka.

"Utashika kifuniko, susu. Kikitetemeka ni sawa. Chakula kinachemka hivyo."

Ijumaa lori lilikuja. Magunia ishirini yaliteremshwa kwa Mzee Aloys mchana kweupe, na wanaume wakapokezana kuyabeba, kila mmoja akimpa pole kwa yaliyompata. Kalekye alikuwa anapita barabarani. Alisimama kutazama. Mmoja wa wabebaji akashindwa kujitwika gunia, akamwita amshikie upande mmoja.

Akamshikia.